Mama Ngazi na Mizani ya Jikoni

Mtaani kwetu mafundi rangi walikuwa wengi, lakini mwanamke alikuwa mmoja tu, tena yeye ndiye aliyepanda juu kuliko wote. Ndiyo maana watu walimwita Mama Ngazi. Kazi alifundishwa na mjomba wake, ambaye mgongo ulipomkatalia alimwachia brashi, ndoo na ngazi mbili za mbao. Wenye nyumba wa mwanzo walisita. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba hajawahi kuona ukuta uliopakwa na mwanamke ukadumu.

"Ukuta haujui anayeupaka ni nani," alijibu, akaendelea kukwangua rangi ya zamani.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimwambia jambo haliwezekani, humwoni tena kwa muda, kisha unasikia ameshalifanya. Mumewe, fundi friji mpole asiyependa ugomvi, alizoea kusema nyumba yao ina mwanaume mmoja na nusu, na yeye ndiye nusu. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, na bibi yake, mama mzazi wa fundi friji, aliishi nao. Mtoto alipoanza kusema hakunyamaza tena, hata akipiga mswaki, hata akiwa chooni. Bibi akampa jina la Kasuku.

Kasuku aliingia darasa la kwanza akiwa mzima. Kabla mwaka haujaisha alianguka mara ya kwanza, mbele ya duka la mkate, macho yamegeuka na mikono imekakamaa. Hospitali wakasema ni kifafa. Dawa ya kwanza ilituliza mambo kwa muda, kisha ikashindwa. Wakaongeza ya pili, halafu ya tatu. Kuanguka hakukuisha, na sasa likaja jingine: mtoto akawa kama mtu aliyefungiwa chumba cha ndani. Anakaa, anakuangalia, swali la asubuhi analijibu mchana. Jina la Kasuku likawa linamuuma kila anayelitamka, nyumba nzima ikaacha kulitumia.

Mwaka uliofuata shule ilimpa Mama Ngazi kazi ya kupaka ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara. Alikuwa juu ya ngazi, nusu ya chini imeshakuwa ya buluu na ya juu bado ina chokaa chakavu, aliposikia anaitwa. Mtoto ameanguka tena darasani. Alimkuta amelala sakafuni, mwalimu wa darasa, msichana aliyetoka chuoni juzi juzi, amepiga magoti pembeni yake na hajui afanye nini. Watoto wengine walikuwa wamejibanza ukutani.

Mwalimu mkuu alimwita ofisini.

"Mama, mwanao tunampenda," alianza. "Ila wazazi wanalalamika. Watoto wao wanaogopa. Tunaona apumzike nyumbani mpaka apone."

"Wanaogopa nini? Kifafa hakiambukizi."

"Mimi najua. Wao hawajui."

"Basi wafundishe. Si wewe mwalimu?"

Mwalimu mkuu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Akarudia maneno yale yale kwa sauti ya chini zaidi. Mama Ngazi hakubishana tena. Alimbeba mtoto mgongoni, akarudi kwenye ukuta, akaosha brashi zake kwa tina ya kuyeyushia rangi, akafunga ndoo, akateremsha ngazi.

"Na kazi?" mlinzi wa geti alimuuliza.

"Nayo inapumzika nyumbani," alisema. "Mpaka apone."

Ukuta ukabaki hivyo, chini buluu, juu ukurutu. Kila aliyepita barabarani aliuliza kulikoni, na kila aliyeuliza alijibiwa.

Ni daktari wa watoto aliyemtuma kwa mtaalamu wa lishe. Mama Ngazi alikwenda shingo upande. Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, baada ya chumba cha kufulia, na ndani kulikuwa na mizani ya kupimia watu, mizani ndogo ya chakula, na mama mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu. Mama Ngazi alimtazama juu mpaka chini, na yule mama akaona anavyotazamwa.

"Sema tu," alimwambia. "Wote huwaza hilo hilo. Mtaalamu wa lishe mwenyewe tipwatipwa."

"Sijasema."

"Macho yamesema. Fundi viatu naye hutembea na soli iliyochomoka. Kaa, mama."

Hakuanza kwa kumpa orodha ya makatazo. Aliuliza mtoto anakula nini asubuhi, anakula na nani, nani anapika, anakunywa maji kiasi gani, choo anakwenda vipi. Akampima urefu na uzito. Ndipo akaeleza. Ubongo, alisema, kwa kawaida huendeshwa kwa sukari inayotoka kwenye wali, mkate, viazi, matunda. Ukimnyima mtu vyakula hivyo karibu vyote na kumpa mafuta kwa wingi, mwili hulazimika kuchoma mafuta, na ubongo nao hujifunza kutumia kinachotokana na mafuta hayo. Kwa baadhi ya watoto ambao dawa zimewashinda, ubongo unaoendeshwa hivyo hutulia.

"Nimekuja kutafuta tiba," Mama Ngazi alisema, "nawe unanipa mafuta ya kupikia?"

"Nakupa tiba. Ila inaingilia mdomoni na kijiko badala ya sindano."

"Itamponya?"

"Sikudanganyi. Wapo watoto inaowasaidia sana, wapo inaowasaidia kidogo, na wapo isiowasaidia hata chembe. Tutajaribu miezi mitatu, kisha tutakaa hapa tuhukumu. Dawa zake anaendelea nazo, haachi hata moja mpaka daktari aseme. Tunaanzia wodini, maana siku za mwanzo sukari inaweza kushuka akalegea. Tutapima damu, tutapima mkojo. Na kila tonge, mama, kila tonge linapimwa. Hii si lishe ya kusikia redioni ukaenda kujaribu mwenyewe."

"Na akililia mkate?"

"Atalia."

"Mimi nimeshamwona akilia, na nimeshamwona akianguka," alisema. "Kulia nakuweza."

Siku za wodini zilikuwa chungu. Mtoto alitapika, akakataa kula, akaomba biskuti ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mama yake alikaa kwenye stuli ya chuma, akajifunza. Parachichi kiasi hiki na mafuta kiasi hiki. Yai moja na malai, ile krimu ya maziwa. Kipande cha nyama kisichozidi kiganja cha mtoto, mboga za majani zilizolowana mafuta, tui zito la kunywa. Vidonge vya vitamini na madini, kwa kuwa chakula hicho peke yake kina mapengo. Maji mengi, ili figo zisifanye mawe. Hata dawa ya kikohozi ya maji ilikatazwa, kwa kuwa ina sukari. Na kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, kikigeuka zambarau iliyoiva, ujue mwili unachoma mafuta sawasawa.

Kilichomwingia zaidi kichwani kilikuwa mfano alioutunga mwenyewe. Aliuliza kwa nini kipande kidogo tu cha ndizi kiharibu kazi ya siku nzima, na kabla hajajibiwa akajijibu: ni kama rangi. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta ukiupitishia ya maji juu yake, hata kidogo, panaanza kubanduka. Mtaalamu alicheka, akasema mfano huo atauiba.

Nyumbani vita vilianza upya. Mizani ndogo iliwekwa juu ya meza ya jikoni, na sufuria ya mtoto ikawa mbali na ya wengine. Majirani walichungulia. Mmoja alisema mtoto anafanyiwa majaribio. Mwingine akasema huyu mama baada ya kuwashinda wanaume kwenye ngazi sasa anataka kuwashinda na madaktari. Fundi friji alikula wali wake amejificha nyuma ya mlango kama mwizi, asimtamanishe binti yake, mpaka mkewe akamwambia atoke.

"Kula mezani," alimwambia. "Chakula chake ni dawa. Wewe huumwi. Akuzoee."

Aliyeumia zaidi alikuwa Bibi. Yeye alikuwa amelea watoto sita, na kila mmoja alimlisha kwa mkono wake. Kumwona mjukuu amewekewa kijisahani chenye kitu cha kijani na mafuta yanayoelea kulimtia uchungu.

"Mimi nimelea sita bila mizani," alisema.

"Najua, mama," Mama Ngazi alimjibu kwa heshima. "Lakini huyu wa saba kaja na masharti yake."

Wiki zikapita. Kwanza kuanguka kukapungua nguvu, mtoto anatetemeka mkono mmoja kisha inapita. Baadaye kukapungua idadi. Daktari akapunguza dawa moja iliyokuwa inamlevya. Asubuhi moja Mama Ngazi alikuwa anapima malai aliposikia sauti nyuma yake: "Mama, kwa nini kuku ana miguu miwili tu na anatembea sana? Na wewe ngazi yako ina miguu minne, au ni miwili? Mama, hunisikii?" Akamwaga malai yote mezani. Ilibidi apime upya, huku mtoto akihoji mambo ya kuku bila kuvuta pumzi.

Hapo angeweza mtu kusema hadithi imekwisha. Haikuisha. Mwezi wa tatu, wakati hukumu inakaribia, mtoto akaanguka vibaya kama zamani. Kesho yake tena. Fundi friji alikaa kitandani akashika kichwa, akasema labda ndiyo basi, labda mtoto ni mmoja wa wale isiowasaidia.

"Labda," Mama Ngazi alisema. "Lakini sitaambiwa na kitanda. Nitaambiwa na kijiti."

Kijiti kilikuwa kimepauka. Alikipeleka kule mwisho wa korido akiwa amefura. Aliapa mbele ya mtaalamu kwamba kila gramu ameipima, kwamba hakuna alichokosea, na kama tiba yenyewe ni bure aambiwe sasa hivi asipoteze muda.

Mtaalamu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo Mama Ngazi hakulitegemea.

"Nyumbani kwenu, ukiacha wewe, nani mwingine anampenda sana huyu mtoto?"

Alikuwa tayari kusikia nani amevuruga, nani mzembe. Akachukua kijiti chake akatoka. Alirudi nyumbani kwa miguu, akapita dukani bila kuona duka, na alipofika alimkuta Bibi uani, mjukuu amemlalia mapajani, ganda la ndizi liko chini ya stuli.

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi alisema tu, "Ameniomba."

"Tangu lini?"

"Tangu aanze kusema tena. Nitamnyimaje mtoto aliyeniita bibi baada ya kunisahau?"

Mama Ngazi aliingia ndani akafunga mlango. Ghadhabu ilimjaa hata akaogopa atakachosema kwa mtu aliyemzalia mume. Alipotoka aliongea na mumewe peke yake, akamwambia ama mama yake aende akasikie kwa masikio yake kule hospitali, ama yeye na mtoto watahama. Fundi friji, kwa mara ya kwanza maishani, hakujaribu kupoza mambo. Alimshika mama yake mkono, wakaenda wote.

Bibi aliingia chumba kile amenyoosha shingo, tayari kwa ugomvi. Mtaalamu alisimama akampisha kiti chake mwenyewe, kile chenye mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeambiwa nimeharibu."

"Nani kasema umeharibu? Umemlisha mjukuu wako, ndivyo bibi afanyavyo. Nataka kukuuliza jambo. Wewe unakunywa vidonge vya presha?"

"Nakunywa."

"Mwanao akikuongezea kimoja cha jirani, kwa mapenzi, utakubali?"

Bibi alimtazama mwanawe kana kwamba kweli angethubutu. "Ataniua."

"Basi ndizi kwa mjukuu wako ni kidonge cha jirani."

Mtaalamu alivuta mizani ndogo akaiweka mbele ya Bibi, akampa parachichi na kijiko. "Mama yake anashinda juu ya ngazi," alisema. "Chakula cha mchana ni chako. Nipimie, nione."

Bibi alipima. Mara ya kwanza alizidisha, ya pili akapunguza mno, ya tatu mshale ukakaa mahali pake, naye akakunja midomo kuficha furaha. "Lakini sitamwambia kitamu wakati si kitamu," alisema. "Mimi simdanganyi mtoto."

"Usimdanganye. Mwambie mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

"Methali hiyo nilikuwa naijua kabla hujazaliwa," Bibi alisema, akainuka.

Tangu siku hiyo hapakuwa na mlinzi mkali kumshinda. Jirani aliyeleta keki alirudishwa na keki yake mlangoni. Fundi friji alipigwa kofi mkononi kwa kuacha bakuli la sukari wazi. Bibi ndiye aliyegundua kwamba yai likipigwa na malai mpaka litoe povu mtoto analimaliza bila kusukumwa, na mtaalamu akalifundisha jambo hilo kwa wazazi wengine. Kijiti kikarudi kuwa zambarau. Kuanguka kukarudi nyuma tena, na miezi mitatu ilipotimia, waliokaa kuhukumu hawakuhitaji maneno mengi. Daktari, mtaalamu na Mama Ngazi walikubaliana waendelee.

Muhula mpya ulipofunguliwa, Mama Ngazi hakuomba ruhusa. Alimvisha mtoto sare, Bibi akabeba kopo la chakula kilichopimwa, wakaingia getini mchana kweupe mbele ya ukuta wenye sura mbili. Walimkalisha Kasuku kwenye dawati lake la zamani. Mwalimu mkuu akafika akihema.

"Mama, tulikubaliana."

"Ulikubaliana peke yako. Mimi niliondoka tu."

"Akianguka je?"

"Ataanguka, pengine. Kisha atainuka. Kama hamjui la kufanya, waulizeni wanaojua."

Yule mwalimu wa darasa aliyekuwa amepiga magoti siku ile alisogea mbele. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakurudi nyuma. "Mimi nataka kujua," alisema. "Nifundisheni."

Mama Ngazi akamfundisha hapo hapo, mbele ya darasa zima. Sogeza vitu vigumu. Mlaze ubavu. Weka kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko mdomoni, usimtie kitu chochote, usimkandamize. Tazama saa, na ikizidi dakika tano, muwahishe hospitali. Watoto wakasikiliza kuliko wanavyosikiliza hesabu. Mmoja akauliza kama wanaweza kufanya mazoezi, na Kasuku mwenyewe akajilaza sakafuni kuwa mgonjwa wa mazoezi, akiwaelekeza kwa maneno mengi wapi wameshika vibaya. Bibi naye akasimama na kopo lake.

"Atakayempa peremende," alisema, "nitaijua nyumba yao."

Mwalimu mkuu aliona hana watu upande wake. Alikohoa. "Na ukuta wangu?"

"Mtoto akimaliza muhula, ukuta nao utamaliza," Mama Ngazi alisema.

Na kweli, muhula ulipokwisha alirudi na ngazi. Ilibidi aanze upya, kwa kuwa buluu ya zamani ilikuwa imepauka isilingane na mpya. Hakulalamika. Mwaka ule shule nzima ilijua kumlaza mtu ubavu, na kondakta mmoja aliyeanguka kituoni alisaidiwa na watoto wa darasa la pili huku watu wazima wakikimbia.

Lishe ile ilidumu kama miaka miwili. Haikuwa njia iliyonyooka. Kuna kipindi Kasuku alifunga choo mpaka akalia, ikabidi hesabu ya chakula ipangwe upya. Kuna siku aliiba sukari kiganjani akaadhibiwa na kutapika kwake mwenyewe. Urefu wake uliongezeka polepole kuliko wa rika lake, na mtaalamu aliufuatilia kwa wasiwasi asiouficha. Alipokaa muda mrefu bila kuanguka, daktari na mtaalamu walisema waanze kurudi, hatua kwa hatua, mafuta yakipungua na vyakula vingine vikiongezeka kwa vipimo. Kijiko cha kwanza cha wali kililiwa na watu wote wakiwa wamesimama kuzunguka meza. Kasuku alitafuna kwa muda mrefu.

"Hauna ladha," alisema.

Bibi alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Alirudi kula kama watu. Mwaka ukapita. Kisha Jumapili moja, bila dalili, akiwa anasuka mwanasesere wake nywele, alianguka. Ilikuwa fupi. Fundi friji alimlaza ubavu, Bibi akatazama saa, Mama Ngazi akashika kichwa cha mtoto mapajani. Alipozinduka na kulala usingizi wa uchovu, mume alimtazama mkewe akauliza kwa sauti ya chini kama kimerudi.

"Huenda kimerudi, huenda kimepita kusalimia tu," alisema. "Kikirudi, kitatukuta. Njia tunaijua, na yule mama yuko kule mwisho wa korido."

Jumatatu alimpeleka kwa daktari, wakarekebisha dawa. Jumanne Kasuku akaenda shule. Mama yake alikuwa na jengo la posta la kupaka, refu kuliko yote aliyowahi kupewa, na fundi mmoja wa kiume alikuwa ameshamwambia kwamba kule juu upepo ni mkali kwa mwanamke. Alifunga kitambaa chake kichwani, akajaribu jukwaa la kupandia kwa mguu, akapanda.